Maua ya Kahawa Tuliyoyaweka kwenye Mpira

Miaka ya mwanzo baada ya Uhuru, kijijini kwetu Muleba, hakuna aliyeita kamari kule kuwekeana kitu kwa ajili ya mpira. Timu ya parokia ilipocheza, watu wazima wenye rozari shingoni waliwekeana kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na aliyeshindwa alikwenda kukileta huku akizomewa. Padri alipita katikati yetu akicheka. Nami nilicheka. Nilikuwa nimemaliza shule, ninajifunza ukatekista, na mwandiko wangu ulisifiwa.

Kaka yangu mkubwa hakusoma. Alibaki na Tata, baba yetu, akipalilia migomba na mibuni ya kibanja, shamba la ukoo lenye nyumba yetu, nami nikasoma kwa jasho lake. Namshukuru Mungu kwa jasho lile kila siku ninaposali.

Mwezi wa tisa wa mwaka mmoja ilipangwa mechi kati yetu na vijana wa Kibeta, kule Bukoba mjini. Jirani yetu alikuwa na dada aliyeolewa Kibeta, basi naye akajifanya mtu wa huko.

"Nyinyi mnacheza mpira kama mnaokota senene," alimwambia kaka.

"Weka rubisi tuone."

"Rubisi si tutainywa wote? Itaniuma wapi? Weka kahawa."

Mibuni ilikuwa imechanua, myeupe kibanja kizima. Kwetu kulikuwa na desturi ya butura: mtu mwenye shida aliuza kahawa yake ingali maua mtini, na mnunuzi akaja kuvuna mwenyewe ikiiva. Serikali iliikataza, lakini haikuisha. Wale wawili wakafanya butura ya mpira, kila mmoja akaweka maua ya mibuni thelathini. Kaka akaniletea karatasi ya daftari.

"Andika vizuri, bwana katekista. Watu wa mjini wasituone washamba."

Niliandika. Nilitafuta hata maneno ya kihakimu ili ipendeze. Walipotia dole gumba chini ya maandishi yangu, niliona fahari.

Tulifungwa mabao matatu.

Mwezi wa sita uliofuata, jirani aliingia kibanjani na mkewe na vikapu. Tata alikuwa amevimba miguu, amelazwa karibu na mlango, akawaona wakichuma. Aliuliza wametumwa na nani. Kaka akapiga magoti akamweleza yote, isipokuwa habari ya mwandishi. Tata aligeukia ukutani.

Baada ya hapo watu walewale wa rubisi wakapata neno jipya: mcheza kamari. Balozi wa nyumba kumi alisema mkutanoni kwamba kula jasho la mwenzako kwa sababu ya mpira ni unyonyaji, na wote wakapiga makofi, hata waliokuwa bado wanadaiwa vibuyu. Kanisani kaka akikaa kwenye benchi, waliokuwapo walisogea mbali naye.

Tata alipozidiwa, wazee wa ukoo walikutana kumtaja mrithi wa kibanja. Kwa desturi ni mtoto wa kiume wa kwanza. Lakini kibanja ndicho chenye makaburi ya babu zetu, na baba mdogo alianzia hapo.

"Aliyeweka maua ya baba yake, kesho ataweka makaburi."

"Refa akipuliza, marehemu wahame!" mwingine akadakia, nao wakacheka mpaka wakakohoa.

Karatasi ya jirani ilikuwa imeletwa. Ilizunguka mkono kwa mkono. Baba mdogo aliishika muda mrefu.

"Mwandiko mzuri huu," alisema. "Wewe hata kushika kalamu hujui. Nani alikuandikia?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaka. Hakugeuka.

"Karani mmoja wa Kashai, kule mjini, waitu," alijibu kwa heshima. " Jina lake silijui."

Ningeweza kusema. Chumba kilikuwa kimya na kila mtu angenisikia. Nilitazama mikeka. Kabla jua halijatua walinitaja mimi, msomi, mtu wa kanisa, na baba mdogo akanishika mkono kwa furaha.

Tulipokwisha kumzika Tata, kaka alihamia Kimwani, kulikofunguliwa kijiji cha ujamaa. Huko hakukuwa na mrithi wala makaburi ya mtu. Nilimwandikia barua nyingi. Mtu wa kumsomea alikuwapo, lakini aibu yangu ya kunyamaza sikuitia humo, haikuwa ya kusomwa na mtu mwingine. Niliungama kwa padri. Ilinichukua miaka sita kwenda mwenyewe.

Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nilimwambia nitakwenda kwa wazee, niseme mwandiko ni wangu.

"Watakunyang'anya kibanja, kitakwenda kwa baba mdogo," alisema. "Kwa hiyo nilikunyamazia bure? Kaa nacho." Akapukuchua gunzi jingine. "Ila nasikia unafundisha watoto habari zangu."

Ilikuwa kweli. Nikifika amri ya saba, usiibe, niliwasimulia juu ya mtu aliyeweka kahawa ya baba yake kwenye mpira. Watoto waliipenda. Makatekista wenzangu waliiomba.

"Sikukutaja jina, kaka."

"Mpira mmoja, mibuni thelathini. Jina la nini?" Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Katekista wa hapa naye anaifundisha. Wanangu walirudi nyumbani wakinisimulia. Mdogo aliniuliza, 'Tata, yule mtu alikwenda motoni?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sijui. Hawajajua ni mimi. Usiifundishe tena, mdogo wangu."

Sikuifundisha tena. Lakini kwa katekista wa Kimwani sikwenda siku ile, wala safari zilizofuata. Ningemkataza, angeniuliza sababu.