Siku Bihogo Alipozuia Maziwa

Nilipokuwa mtoto, kila likizo kubwa nilipanda kutoka Songo, mjini Uvira, hadi Rurambo kwa nyanya yangu, tuliyemwita Koko. Kule watu waliamini kwamba ng'ombe husikia mambo ya moyoni kupitia vidole vya anayemkamua. Mwenye neno alipaswa kulitoa kwanza, ndipo aguse kibuyu cha maziwa.

Asubuhi moja mama mdogo Neema aliteremka kutoka kilimani, mahali pekee ambapo simu ilishika rezo, yaani mtandao. Alikuwa ameongea na mumewe. Hakutuambia lolote. Alichuchumaa kando ya Bihogo, ng'ombe wetu wa kahawia, akaanza kukamua huku akiimba kama kila siku. Homa ilikuwa imekausha maziwa ya Neema mwenyewe, na mtoto wake wa miezi saba alilia ndani akingoja ya Bihogo.

Halikutoka hata tone. Kisha teke, na kibuyu kikabingirika.

"Weye Neema, iko nini mu mikono yako?" Koko akauliza.

"Hakuna kitu, Mama. Minye niko muzima."

"Siye unaweza kutudanganya. Ngombe, hapana."

"Basi muipeleke ku iniversite, kama iko na akili hivyo!"

Nilicheka peke yangu. Ndani, sauti ya mtoto ilianza kukauka. Neema akasikiliza, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Bihogo.

"Bwana yangu iko na bibi mwingine," akamwambia ng'ombe. "Hatarudi. Sasa umejua."

Koko alikuwa hatua mbili nyuma yake. Aligeuza uso, akawa anatazama majani. Neema alilia mpaka mabega yakashuka, na vidole vikalegea. Akakirudisha kibuyu, akakamua tena; maziwa yakaja, kidogo, halafu kwa kishindo. Mtoto alikunywa akalala.

"Koko, ngombe ilijuaje?" nilinong'ona.

"Uliza ngombe."

Miaka mingi baadaye daktari wa mifugo kule Lubarika alinieleza: mkono uliokakamaa na pumzi fupi humtia ng'ombe hofu, na mwili wake hufunga maziwa. Nilimwamini. Lakini udadisi wangu umehamia kwa Neema. Mama yake alimwuliza, akakataa. Bihogo hakuuliza, akaambiwa yote. Labda Neema alihitaji kiumbe mwenye joto asiyeweza kumhurumia. Na Koko, nadhani, alilijua hilo, ndiyo maana alitazama majani.