Mfupa Hauvumiliwi

Iko jioni moja kichwani mwangu, mwanangu, nimeifukuza kwa kila namna na haitaki kuondoka. Nakuita mwanangu ingawa nina miaka kumi na tisa na ndevu zangu bado zinahesabika. Chuoni wananiita Babu kwa sababu ya mdomo, si kwa sababu ya mvi, na babu akikohoa wajukuu hunyamaza. Wewe uko kidato cha nne. Mwakani, Mungu akijalia, utakuwa chuoni, utavaa raba na kutoka kukimbia na wenzako. Nina neno kabla hujafunga kamba.

Jioni hiyo tulikuwa Ufukoni, maji yamekupwa, mchanga umeshikana vizuri chini ya nyayo. Tulikuwa wanachuo wa ualimu, wengi wetu wavivu wa kuzaliwa, tukikimbia baada ya vipindi kwa kujifurahisha tu. Aliyetukusanya ni Mama Pendo, mtu wa Singida anayefanya kazi bandarini. Ujanani alikimbia mbio ndefu mpaka akapelekwa kushindana nje ya nchi. Tulipomwomba habari za medali, alitupa habari za kulala mapema. Tulipomwuliza siri ya mbio, alisema ni siku ya kupumzika. Nilimwambia, "Basi mama, mimi ni bingwa, maana napumzika wiki nzima." Alinipiga kofi la mgongo, la mapenzi, lakini liliwasha.

Alikuwa na kanuni moja. Ukikimbia kwa starehe, nenda mwendo ambao mtu akikuchekesha unaweza kucheka. Ukishindwa kucheka, punguza. Kwa hiyo mimi, nisiye na mbio wala pumzi, nikapata cheo: mpimaji. "Babu, pima!" anaita, nami naanza habari za maharage ya chuo, kwamba haya tuliyokula mchana ndiyo yaliyomkaribisha mkuu wa chuo siku aliyoripoti akiwa mwanafunzi. Kundi likicheka, mwendo ni mzuri, tunasonga. Sijapata raha kama ile, mwanangu, na sidhani kama nitaipata tena.

Kati yetu alikuwemo Selemani, Sele, mtoto wa wakulima wa korosho na mihogo wa kijiji kimoja njia ya Kilambo. Mimi na Sele tulitoka jando moja. Anazijua siri zangu, nami nazijua zake, na zote ni aibu tupu. Sisi wengine tulikuwa tunakimbia. Yeye alikuwa anateleza. Mwalimu wa michezo akamwona, akamtia kwenye timu ya chuo, mita elfu tano, kwa mashindano ya vyuo yaliyokuwa yanakuja hapa hapa mjini. Tangu hapo asubuhi anakimbia na timu, jioni anakimbia na sisi, na ile siku ya mapumziko ya Mama Pendo akaila kama mtu anavyokula mbegu ya kupanda.

Basi jioni ile nilipima, Sele hakucheka. Alicheka baadaye, wenzake wameshamaliza, kama mtu aliyengoja atafsiriwe. Tuliposimama alikaa mchangani, akashusha soksi. Mama Pendo akachuchumaa mbele yake.

"Onyesha panapouma."

Akaonyesha kwenye ugoko.

"Kwa kidole kimoja tu?"

"Kimoja, mama."

Uso wa mama ukabadilika. "Msuli ukiuma, mtu hupapasa mguu mzima hajui aanzie wapi. Ukiweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, huo ni mfupa. Umeanza kuingia ufa, mwanangu. Nenda hospitali wakupige picha, na mbio basi, mpaka upone."

Sele sasa ndiyo akacheka. "Mama, sisi wa huku tumepita jandoni. Kule hulii."

"Maumivu ya jandoni yana siku ya kutoka. Walikuambia uvumilie kwa sababu wao walijua yataisha. Haya, nani amekuambia yataisha?"

Sele akapandisha soksi. Tulipokuwa tunarudi bwenini ndipo akaniambia, "Baba anakuja."

Nikaelewa. Baba yake hakuwahi kukanyaga chuoni kwetu. Alikuwa akisema chuo ni mahali vijana wanapokwenda kujifunza kukwepa jembe. Lakini aliposikia mwanawe atakimbia mbele za watu, akasema ataacha kupulizia mikorosho dawa ya salfa, katikati ya msimu, aje aone.

"Nimwambie nini? Kwamba nilitoka jandoni mbichi?"

"Sele, afadhali mbichi kuliko kuvunjika."

"Babu, wewe ni mtu wangu," Sele akasema. "Usiseme."

Nilisema. Kesho yake niliingia ofisini kwa mwalimu wa michezo, nikaeleza yote bila utani hata chembe. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Babu bwana! Chuo gani kimekutuma?"

"Kweli, mwalimu. Mguu wake ni mbovu."

"Kila mwanariadha anaumwa. Wewe unayekimbia kwa mdomo ungejuaje?"

Akamwita Sele mbele ya timu nzima. "Babu anasema mguu wako umeoza." Sele aliniangalia mara moja tu. Akainua mguu ule ule, akaupiga kwenye sakafu ya saruji kwa nguvu zake zote. "Mzima, mwalimu." Wenzake wakanizomea. Mimi niliona jasho likitoka juu ya mdomo wake, na ilikuwa asubuhi ya baridi. Mama Pendo naye alikwenda kumwona mwalimu. Akajibiwa, kwa adabu kabisa, kwamba yeye si mtumishi wa chuo. Ndiyo hasara ya kuwa mcheshi, mwanangu: ukisema kweli, watu wanasubiri mahali pa kuchekea.

Siku ya mashindano baba yake Sele aliketi karibu yangu, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. "Mwanangu ni yupi? Wote wamevaa sawa." Nikamwonyesha. Akawa ananimenyea machungwa, mchezo mmoja baada ya mwingine, mpaka mita elfu tano zikaitwa. Sele aliongoza. Mzee alisimama juu ya benchi, mtu mzima yule, akipiga kelele kwa Kimakonde. Kwenye kona ya mwisho mwisho, waliokuwa karibu wanasema walisikia mlio. Mimi niliona tu mguu ukikunjika mahali ambapo mguu hauna kiungo.

Mzee alikimbia uwanjani na kisu cha machungwa mkononi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Mzee akaniuliza, "Ninyi mlikuwa jando moja?"

"Ndiyo, baba."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia mwalimu. Mama Pendo naye alimwambia."

Akatikisa kichwa. "Tumekaa pamoja asubuhi nzima, mimi na wewe. Mwalimu mlimwambia. Sasa yeye alikuwa anakimbia kwa ajili ya mwalimu?"

 Kwetu, kijana akishatoka jandoni, habari za mwili wake hazipelekwi tena kwa baba. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hakuna kati yetu aliyefikiria vingine.

"Neno moja tu ningemwambia," akasema. "Acha, twende nyumbani."

Sasa Sele yuko kijijini na chuma ndani ya mguu, anatembea na fimbo, masomo ameacha. Nikimpigia, simu inaita mpaka inachoka. Kundi la jioni limekufa. Mama Pendo bado anakimbia, peke yake. Tukipishana ananipungia mkono na kupita. Na tafadhali usiniletee ile methali ya asiyesikia la mkuu. Sele ameshaisikia kwa kila aliyekuja kumjulia hali, na mguu haukuunga kwa methali.

Haya, nasaha yenyewe. Cheza, mwanangu, cheza sana. Chuo bila mchezo ni jela yenye ratiba. Tafuta wanamichezo wa kweli uwafuate, lakini usiige mbio zao tu, iga na kupumzika kwao. Uchovu vumilia, mfupa usiuvumilie. Na ukiona mwenzako anaficha, usiishie kwa mwalimu mwenye filimbi. Tafuta yule ambaye mbio ni kwa ajili yake, popote alipo, umwambie yeye, hata kama mila inakuziba mdomo. Huenda ukachukiwa. Huenda pia isisaidie. Mimi sikudanganyi, niliyoyaona hayajanipa matumaini ya kugawa.

Mungu akupe miguu mizima na pumzi ndefu. Na siku utakapoona aibu kusema unaumwa, akupe rafiki wa kukusaliti mapema.