Masika Ambayo Mama Alitukataza Kurudia Njia

Hodi hiyo niliisikia nikiwa jikoni nachochea kuni, jua likiwa limeshapanda juu ya migomba. Mtu alibisha kwa adabu, mara tatu, akanyamaza, akabisha tena. Nikaitikia karibu, nikatoka uani, sikuona mtu. Mbishaji alikuwa ndani. Mama yangu alikuwa amesimama chumbani kwake, pua inakaribia kugusa ukuta, anagonga matofali na kuwaomba wenye nyumba wamfungulie. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la kijinga. Jana yake nilikigeuza kitanda chake, ule upande aliozoea kushukia, uliokuwa ukielekea mlangoni, nikauelekeza ukutani. Nilifanya hivyo kwa sababu redioni nilimsikia mtaalamu akisema ubongo huchangamka mtu akibadili mazoea: apite njia nyingine, apige mswaki kwa mkono mwingine, ahamishe vyombo. Basi mimi, ambaye tangu nimalize kidato cha nne safari yangu ndefu ni ya kwenda sokoni Mbugani na kurudi, nikajiona daktari. Tena sina haya, maana dawa hiyo ya redioni haikuwa ngeni kwangu. Niliinywa nikiwa darasa la nne, masika yote, kwa lazima.

Mwaka huo mvua ilinyesha kama inavyonyesha Kyela, bila kumhurumia mtu. Kwetu Ikolo kila kitu kilinuka matope na kakao. Jua la kuanikia halikuwepo, hivyo kakao ilikaa mno chini ya majani ya mgomba, ikatoa harufu kali ya uchachu iliyoingia mpaka kwenye sare zangu za shule. Ndani ya harufu hiyo ndipo mjomba alipotuletea bibi, mama yake mama, kutoka ufukweni mwa ziwa alikoishi akifinyanga vyungu. Mjomba alisema bibi amechoka kidogo. Hakukaa hata kumaliza chai. Jioni hiyohiyo mama alipompelekea bibi maji ya kuoga, bibi alimtazama kwa upole akamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Mama akasema, "Ni wako, mama." Bibi akacheka kama mtu aliyetaniwa vizuri. "Mimi? Mimi sina mtoto mzee hivyo!" Sisi watoto tulicheka mpaka tukakohoa. Mama naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko muda mrefu, mvua ikimnyeshea.

Kesho yake alitoka na sheria mpya: hakuna kurudia njia. Alikuwa amewaza usiku kucha na kupata jibu lake. Bibi, alisema, miaka yote alizunguka kama ng'ombe wa kamba, nyumbani, shimo la udongo, ziwani, mnadani, nyumbani, mpaka akili ikalala kwa kukosa kazi. Yeye hatalala. Ikawa tukienda shambani leo tunapita kanisani, kesho tunakatiza kwenye kakao za watu wenye mbwa, keshokutwa tunatembea juu ya tuta la majaruba ya mpunga, miguu inateleza, mimi wa mwisho na ndoo kichwani. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba mpunga wa jirani ulikuwa na alama ya makalio yangu. Siku moja, maji yakitufika magotini, nikauliza, "Mama, hii njia inakwenda wapi?" Akajibu bila kugeuka, "Kama ningejua, nisingepita."

Haikuishia njiani. Ugali alisonga kwa mkono wa kushoto, tukala mabonge bila kunung'unika. Kigoda changu cha kando ya kuni, nilichokipenda kuliko ndugu zangu, alikitwaa, nikawa kila jioni naketi mahali pengine kama mgeni. Kanisani aliacha benchi alilokalia tangu aolewe, akajipachika katikati ya wanakwaya, na wimbo ulipoanza akabaki ametulia tu, hajui hata sauti yake ni ya ngapi. Watoto wa shule wakituona tunaibuka vichakani walipiga kelele, "Haoo! Wanatafuta kwao!" Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilimchukia mama masika ile, nasema kweli. Nilidhani anacheza, na mchezo wenyewe haukuwa mzuri. Kila tulipofika shambani, kabla ya kushika jembe, alisimama akataja majina yetu kuanzia mdogo, kisha kuanzia mkubwa, kisha shangazi, majirani, na waliokufa. Akimaliza bila kukosea alishusha pumzi kama aliyetua mzigo. Sikuelewa kwamba mwanamke yule mwenye nguvu alikuwa anakimbia, na kwamba alichokikimbia kilikuwa kimeketi nyumbani kwetu, kimejifunga kitenge, kinamuuliza kila jioni yeye ni wa nani.

Bibi alifariki mpunga ukianza kuinama. Mpaka mwisho alimwita mama "yule dada mwema", na kila alipoogeshwa alisema "ndaga", akimshukuru kama mtu anavyomshukuru mpita njia. Tulipotoka kuzika, mama alitupitisha njia ndefu kuliko zote, na hakuna aliyethubutu kuuliza inakwenda wapi.

Sisi tulipoacha kumfuata, yeye aliendelea hivyo karibu maisha yake yote. Ndugu zangu waliondoka, mmoja yuko Mbeya, wengine Dar es Salaam. Mimi nikabaki, si kwa wema bali kwa uvivu wa kufunga begi. Ninapita njia ileile, nakalia kiti kilekile, nakunywa chai kwenye kikombe chenye ufa ambacho sitaki kibadilishwe. Kama kuna haki, mimi ndiye ningepaswa kugonga ukuta. Mama alibadili kila kinachobadilika, na bado kile kitu kilimfuata kwenye kila njia aliyopita, wala hakikuchelewa hata siku moja. Walio mbali kuna siku anawakumbuka. Mimi ninayemwogesha ananiita "binti", tena ananiuliza kwa heshima, kama unavyomuuliza mfanyakazi wa watu, Tumpe atakuja lini. Tumpe ni mimi. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Kisha nikawa namwambia kesho.

Asubuhi ile ya hodi nilimshika mabega nikamgeuza, akaona mlango, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Nilimketisha uani, na badala ya kumpa uji nikachuchumaa mbele yake kama mwalimu. Nikamwambia ataje majina. Tuanzie mdogo, mama. Mdogo ni nani? Akatabasamu, akaangalia pembeni. Mdogo, mama, jaribu, ulikuwa unaanza naye shambani. Nilikuwa nimeshapandisha sauti, naye ameanza tena kuniomba radhi, wakati mama Asajile, jirani yetu wa upande wa kisimani, alipoingia na mkungu wake wa ndizi. Alisimama akatusikiliza. Hakusalimia, yeye ambaye salamu zake huchukua robo saa. Akautua mkungu, akanitazama mimi, siyo mama, akasema:

"We Tumpe, hebu mwache. Huyu hakujui, na hatakujua tena. Mlishe, uji unapoa."