Fundi wa Kwenye Kalenda

Mtaa mzima uliamini kwamba Mama Beseni hana kinyaa. Walikosea. Kinyaa alikuwa nacho tele, ila hakikuwa pale walipokitafuta. Kidonda kilichooza hakikumtia kinyaa, wala shuka lililolala na mkojo siku mbili, wala kinywa cha mgonjwa kisichosuguliwa tangu wiki iliyopita. Vitu hivyo alivitazama kama mpishi anavyotazama sufuria iliyoungua: kazi ipo, maji yako wapi. Waliomtia kinyaa ni watu wazima wenye afya zao, na maishani mwake alikuwa amekutana nao wengi.

Jina la beseni alilipata kwa mama mkwe wake. Bibi yule alipopooza, mawifi wote waligundua ghafla kwamba wana safari, wana mgongo, wana watoto wadogo. Yeye akabaki na bibi na beseni la bluu, miaka minne. Akajifunza kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza, kuosha upande mmoja huku mwingine umefunikwa, na zaidi ya yote kupiga soga za mvua na bei ya nyanya wakati mkono uko mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haupaswi kuwa. Bibi alipozikwa, jirani akaja kuomba msaada kwa mumewe, kisha jirani wa jirani. Asubuhi Mama Beseni alifua mashuka ya nyumba ya wageni. Mchana alishika beseni.

Kanisa lilimkuta akiifanya kazi hiyo, halikumfundisha. Lilikuwa kanisa dogo la wokovu, ndani ya jengo lililokuwa ghala la saruji, lenye viti sitini vya plastiki na spika mbili zilizosikika hadi kwa watu ambao hawakuomba kuokolewa. Lakini haki ya mtu mpe: kanisa lile lilikuwa na faida mtaani. Mtu akifiwa, viti vilitoka. Mwanamke akifukuzwa na mumewe, alipata godoro nyuma ya mimbari. Na kwa wagonjwa, kanisa lilitoa sabuni, dawa ya vidonda na nepi za watu wazima. Ndiyo maana Mama Beseni alikaa. Mahubiri yalimpa usingizi, lakini nepi ni nepi.

Kati ya wagonjwa wake, aliyemgusa moyo kuliko wote ni Fundi, mzee aliyeushonea mtaa ule nguo kwa miaka arobaini: sare za shule, magauni ya harusi, hata suti ya kwanza ya Mchungaji. Fundi mwenyewe hakuwahi kuonekana nje kifungo kimemwachia. Kisha kisukari kikamla mguu, ukakatwa chini ya goti, na kidonda cha mgongoni kikafuata kwa kulala sana. Kwa miezi miwili alikataa katakata kuoshwa. Mpwa wake, binti aliyekuwa akimpikia, aliishia kuweka sahani mlangoni na kuziba pua. Mama Beseni alipoingia, mzee alivuta shuka hadi kidevuni.

"Nani atajua?" aliuliza.

"Mimi na wewe. Na beseni, ila halina mdomo."

"Na wako je?"

"Wangu nautumia kula."

Mzee akacheka, akaliachia shuka. Tangu siku hiyo alimwita mwanangu, na hakuna mtu mwingine aliyemwona Fundi bila shati.

Mwezi wa kumi na moja, Mchungaji akapata wazo. Huyu hakuwa mwizi wala mzinzi, tusimsingizie. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alipenda wema uonekane, hasa wake. Alitaka kanisa lichapishe kalenda ya ukutani, karatasi moja kubwa, igawiwe bure kila nyumba na kila duka, na katikati iwepo picha ya huduma kwa wagonjwa.

"Tumpate mgonjwa ambaye mtaa unampenda," alimwambia Mama Beseni baada ya ibada. "Kama Fundi hivi."

"Ataulizwa lakini, Mchungaji?"

"Nitaongea naye mwenyewe. Wewe, mama, mwandae tu."

Akamwandaa. Siku hiyo alimwosha Fundi mapema, akamvalisha shati lililopigwa pasi. Mchungaji akaingia akinukia manukato hadi dirishani, nyuma yake katibu wa kanisa, mwanamama mwenye simu kubwa. Hakumwuliza mzee kitu. Alisema, "Mzee wetu, tufumbe macho tuombe," na Fundi, mtu wa adabu zake, akafumba. Maombi yakiendelea kwa sauti ya juu, Mchungaji akamfanyia Mama Beseni ishara afungue shati, aondoe shuka. Mtu aliyekwisha kuoshwa akavuliwa ili aoshwe. Mchungaji akavaa glovu mpya, akachukua kitambaa, akakiweka kifuani kwa mzee. Kitambaa kilikuwa kikavu. Beseni lenyewe halikuwa na tone la maji. Katibu akanong'ona kwamba sura haionekani vizuri pichani, na Mama Beseni akapitisha mkono chini ya kisogo, akakiinua kichwa. Fundi hakufumbua macho, maana mkono ule alikuwa ameuzoea. Aliitikia amina pamoja nao, akafungwa vifungo vyake, akashukuru kwa kuombewa.

Kwa nini Mama Beseni alikubali? Alijiuliza mwenyewe mpaka akachoka. Nepi zilikuwa za kanisa, hilo moja. La pili, huenda Mchungaji alikuwa ameongea na mzee jana yake; mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia. Alipofika kwake alinawa mikono mara tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya mgonjwa yeyote.

Kalenda zikatoka Jumapili ya mwisho wa mwaka. Mama Beseni alipokea yake mlangoni pa kanisa, akaifungua. Fundi alikuwa kifua wazi, mbavu zinahesabika, kigutu cha mguu kimeachwa nje, macho yamefumbwa kama ya maiti. Juu yake Mchungaji anatabasamu, meno yote yapo. Chini yao iliandikwa kwa herufi za dhahabu: TUNAWAGUSA WASIOGUSIKA. Yeye, aliyekula chakula chake cha mchana kando ya vidonda bila kukunja uso, alitoka nje akatapika mtaroni.

Akarudi ndani moja kwa moja hadi kwa Mchungaji.

"Ulimwuliza?"

"Mama, mgonjwa haulizwi uji."

"Uji gani uliompa? Kitambaa chenyewe kilikuwa kikavu."

"Punguza sauti. Watu wakiona wema, wanavutwa. Leo tu tumepata wageni saba."

"Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema tenda wema, simama, chekelea."

Mchungaji hakukasirika. Alimshika bega kwa upole, upole wa kuteleza kama sabuni iliyolala majini. "Nepi za mwezi huu umeshachukua?" aliuliza. Mama Beseni akalitoa bega lake.

Jumatatu hakwenda kufua. Alikuwa na neno moja tu kichwani: mzee asijue. Fundi hatoki kitandani, hana simu, macho ya kusomea yamemwishia. Karatasi zile zikiondoka mtaani kabla mtu hajampelekea habari, atabaki na heshima yake. Alipita saluni, akapita duka la dawa, akapita kwa muuza mkate, anaomba, anabandua, anakunja. Wengine walimpa bila neno. Kinyozi alibisha.

"Mbona nzuri? Si Fundi huyu? Kumbe amekonda hivi!" Wateja wawili wakainuka vitini, povu mashavuni, wasogee waone vizuri. Mama Beseni akaichana pale pale ukutani, akatoka, matusi ya kinyozi yakimfuata. Kufikia saa saba alikuwa na thelathini na nne kwenye mfuko wa unga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua.

Akaenda kwa Fundi. Mpwa wake alimpokea uani, anachambua mchele, uso umechangamka.

"Shikamoo mama. Umechelewa, wageni wamekuja na kuondoka. Mchungaji ametuletea ya kwetu asubuhi. Ameitundika mwenyewe, mbele ya kitanda, ili mjomba aione vizuri. Na ametuombea."

Aliingia. Kalenda ilikuwa ukutani, imepigiliwa misumari minne. Fundi alikuwa ameegemea mto, anaitazama.

"Mwanangu," alisema, sauti haikupanda wala kushuka, "macho yangu ya karibu yamekufa, lakini ya mbali bado mazima. Mchungaji namwona, na ya kwake namwachia mwenyewe. Lakini kuna mkono hapo, chini ya kichwa changu. Ni wa nani?"

Picha ilikuwa imekatwa kwenye kifundo cha mkono. Ungeweza kuwa mkono wa katibu. Ungeweza kuwa mkono wa yeyote. Mama Beseni aliuona uongo umekaa tayari ulimini, akajisikia kinyaa ambacho hata Mchungaji hakuwahi kumtia.

"Ni wangu," alisema.

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Hakumfukuza. Mama Beseni akaing'oa kalenda, pembe zikabaki na misumari yake, akateka maji, akajaribu joto kwa kiwiko, akasogea kitandani. Mzee alifungua vifungo mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa vidole vilivyokufa ganzi, na alipomaliza akageuzia uso ukutani.

"Mwili osha," alisema, "maana sina mwingine. Kichwa usinishike."