Mkate wa Pasi

Juzi nilirudi mjini Kasongo, rafiki yangu, na kabla sijafika kwa ndugu zangu harufu ikanikamata njiani: nyama, vitunguu na jibini inayoyeyuka. Ilitoka kwa binti wa jirani yetu wa zamani, ambaye sasa ni mama mwenye nyumba yake. Sitakudanganya, sikuingia kwa furaha. Niliingia na wivu wangu wa tangu nina miaka kumi.

Jirani yule alitoka Kivu. Mume wake alinunua dhahabu machimboni Salamabila akaiuza kwao Kivu, na kila aliporudi kwa pikipiki alileta jibini ya mviringo, ile tunayoiita fromaji. Siku moja jirani akatukatia kipande. Nyanya yangu, ambaye watoto wote walimwita Koko, alikinusa, akamrudishia.

"Hii maziwa ilishaoza, mama."

"Hapana. Unaitia mu mukate ya moto, na nyama."

Nyama kwetu ilikuwa fungu dogo la shingo, ngumu kama kiatu. Nyanya aliikata nyembamba mpaka ukaona kisu ng'ambo ya pili, akaikaanga kwa mawese na vitunguu vingi vya kudanganya macho. Akapasua mkate wa jana, ule wa bei ndogo, akaujaza, akaparuza fromaji kidogo juu ya nyama, akaufunga kwa jani la mgomba. Kisha akaukandamiza kwa pasi yake ya makaa. Tulicheka sana.

"Pasi inanyoosha shati ya masomo," alisema, "itashindwa na mukate?"

Haikushindwa. Mkate ulitoka bapa, mkavu nje, ndani fromaji inavutika kama uzi. Kipande cha kwanza akapewa binti wa jirani, kwa kuwa ni mgeni. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nyanya akatania, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akamkabidhi kisu.

Kisu kile kilikuwa changu! Mimi ndiye niliyekuwa nikimenyea mihogo kila siku. Nikatoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya nafukuza kuku kwenye mihogo iliyoanikwa. Tangu hapo, kila nyama iliponunuliwa, wao walicheka jikoni na mimi nilifukuza kuku. Nyanya aliniita, nikajitia kiziwi. Kipande changu nilikila nimewapa mgongo, na kilikuwa kitamu, jambo lililonikera zaidi.

Nyanya hayupo tena. Jiko lake lilibomolewa, na jirani naye alirudi Kivu akazikwa huko. Pasi niliirithi mimi. Iko kwangu juu ya kabati, imeshika kutu. Nimejaribu mkate ule mara nyingi, kwa nyama nzuri kuliko ile ya shingo, na haujawahi kutoka kama wake.

Kwa binti wa jirani ulitoka. Nilipouma tu, nilijua ni mkono wa nyanya. Binti wa jirani akanisogezea kisu na nyama.

"Kuya ukate, dada. Koko alikuwaka anakuita wewe wa kwanza. Ukikataa, ndiyo ananipa miye."

Safari hii niliitika. Nilikata. Vipande vyangu vilitoka vinene, vya mtu anayelisha mbwa. Alivivuta kwake taratibu, akavikata tena kila kimoja mara mbili, jinsi ile ile ya nyanya, na nikamwonea wivu upya.