Mgongo Wangu, Nambari ya Mume Wangu

Niliishia darasa la sita, kwa hivyo naandika vile naongea. Wivu nilio nao si wa mwanamke mwenzangu. Namwonea wivu mume wangu, na ni kwa sababu ya mgongo.

Kwenye shamba la majani chai tulikofanya kazi, upande wa Kericho, aliyeandikishwa ni yeye. Mimi nilikuwa wa kumsaidia tu. Nilichuma tangu umande uko kwa majani mpaka jioni, kapu mgongoni, na kila nilichoshusha kwa mizani kiliandikwa kwa nambari yake. Yeye alichuma kidogo, akapiga stori na nyapara. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo, hakuna aliyeshangaa.

Basi wakaja watu wa utafiti, kuangalia kazi hii inafanyia nini mgongo wa mchumaji. Wakamuuliza nyapara ni nani anabeba sana. Akafungua kitabu, akaita nambari yetu. Mume wangu akavua shati.

Wakati huo mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Nilikuwa nimeenda kwa daktari wa zahanati ya shamba mara tatu.

"Mama, umezaa wangapi?"

"Watano."

"Basi hayo ni mambo ya wanawake. Meza hizi."

Hakunigusa hata siku moja. Sasa namwona mume wangu amelala kwa meza, anapapaswa uti wa mgongo pingili kwa pingili, anaulizwa polepole, "Hapa, mzee? Na hapa?" Naye anaguna kama ng'ombe anayezaa! Hata nikiwa msichana sikutamani mtu vile nilitamani ile meza.

Nikamwendea mkubwa wao. "Daktari, hayo majani nimebeba mimi. Nipime mimi."

"Pole, mama. Tunachukua wanaume pekee. Mwili wa mwanamke unabadilika-badilika, leo mimba, kesho hedhi. Utatuharibia hesabu."

"Na kapu, linajua mimi ni mwanamke?"

Nyapara akaangua kicheko. "Wacha daktari afanye kazi, mama. Ama unaona wivu bwanako akiguswa?"

Wakacheka wote. Mume wangu pia, akifunga vifungo.

Watu wa utafiti wakampa mshipi mpana wa kukaza kiuno, waone kama utapunguza maumivu, na nyapara akamwacha awe anamwagilia miche kitaluni, mradi nambari isikose majani. Majani nikachuma mimi. Mshipi aliuvaa mpaka kanisani.

"Baba watoto," nilimwomba, "wakirudi, waambie ukweli, na mimi niangaliwe."

"Nirudishwe kwa kapu? Vumilia kidogo."

Walirudi baada ya miezi kadhaa. Kitabu kilionyesha nambari yetu bado inabeba vile vile, na mume wangu alipoulizwa kama mgongo unauma, akasema hauumi hata kidogo. Walifurahi! Wakaandika kwamba mshipi unasaidia. Mimi nilikuwa nje, nimeshikilia ukuta, nasikia. Wiki hiyo hiyo nilianguka katikati ya michai, miguu ikakataa.

Daktari aliyenipasua hospitalini ndiye wa kwanza kuniuliza nimekuwa nikibeba nini. Leo natembea na fimbo. Waliofanya hivi ni nyapara, ambaye alijua ni nani anachuma. Ni daktari wa zahanati. Ni yule mkubwa wa utafiti. Na ni baba wa watoto wangu.

Siku hizi yeye ndiye anateka maji na kunisugua mgongo. Mkono wake ukifika kwa kovu, husimama.

"Inauma hapa?"

Nafunika kovu kwa leso. Jibu alishawapa watu wa utafiti.