Taya Nililolitoa Kaburini

Ndugu zangu, kosa ni langu peke yangu, wala sitalipunguza. Jina langu siandiki, na jina la kilima chetu msiniulize. Mkiisha kusoma mtajua kwa nini.

Nilikuwa mbeba nyundo wa Bwana mmoja Mbelgiji aliyezunguka nchi ya Kabambare akivunja mawe na kuyaandika. Siku tulipochimba kaburi la shangazi yangu, kwenye kilima walikolala wazee wetu wote, jembe langu liligonga jiwe lenye meno. Meno, jamani! Lilikuwa taya. Wenzangu walitaka lirudishwe chini. Mimi nikalificha ndani ya nguo, maana nilitaka Bwana anione mtu wa maana. Kiherehere changu!

Bwana alilisugua kwa brashi siku mbili, akafungua vitabu vyake vyote, kisha akaniita.

"Angalia meno. Munyama hii haikukula nyama. Jino iko sawa na jani, pembeni iko na ncha-ncha, na juu imelika kwa kutafuna. Ilikula majani. Ni ya zamani sana, na mu buku hakuna mutu aliyeiandika. Ni mupya!" Alikuwa anacheka kama bwana harusi. "Uliitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipojifunga. Kusema kweli kulikuwa kumpa kilima, na shangazi angefukuliwa kabla matanga hayajaisha. Nikasema, "Kando ya muto, Bwana," nikataja mto wa kijijini kwa wakwe zangu, upande wa Lusangi. Nilifikiri maji huleta vitu kutoka kokote, atashukuru na yataisha.

Hayakuisha! Shefu wa kijiji kile aliamriwa atoe mwanamume mmoja kila nyumba, wakachimbe ukingo wa mto. Na kapita wa kuwasimamia wakanifanya mimi. Nyumbani kwa kina mke wangu, aliyetoka na jembe ni baba yake.

Kwetu mkwe hasimamiwi. Ukikutana naye njiani unaacha njia, unainama, unangoja apite. Mimi nilisimama juu ya shimo, yeye chini, matope hadi magotini. Asubuhi nilipoita majina, la kwake sikuweza kulitamka. Nilikohoa tu, naye akaitika. Aibu ile ilinila kila siku, na kuondoka sikuweza, kusema sikuweza.

Wiki ya pili Bwana akaja na taya mkononi. Akakwangua punje za udongo mwekundu zilizoganda kwenye meno, akatazama udongo wa mto, ambao ni wa kijivu.

"Rangi haifanane. Ni hapa kweli?"

Lo! Ningeweza kusema wakati ule. Lakini nilimwona shangazi yangu akitolewa ardhini, sanda ingali nyeupe. Nikajibu, "Ni hapa, Bwana."

"Basi muchimbe chini zaidi."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilizidi kwenda chini. Wakachimba, mvua ikanyesha, na ukingo ukamwangukia baba mkwe.

Tulimtoa akiwa hai, kifua kimevunjika. Siku hiyo sikutazama desturi. Nilipiga magoti kando ya mkeka wake, nikamwambia yote: kaburi, kilima, uongo wangu. Akanijibu kwa pumzi fupi:

"Mukwe, kuficha makaburi haiko kosa. Hata mie ningeficha. Lakini mbona hukuniambia? Tungechimba polepole, mbali na maji, tukiimba, mupaka muzungu achoke."

Siku ya tatu akafa. Mke wangu alikwenda kumzika babake na hajarudi mpaka leo. Sina uso wa kumfuata. Bwana alikwenda Ulaya na taya, na yule mnyama, nasikia, amepewa jina la ule mto. Ni uongo, nami siwezi kuusahihisha, maana nikikitaja kilima, majembe yatapanda kule.

Enyi mnaotumika chini ya wenye nguvu, niangalieni mimi! Ukilazimika kumficha bwana wako neno, usimfiche mtu wako aliye shimoni. Mvute kando umnong'oneze, hata kama ni mkwe. Baba yule angepona kwa neno moja tu, na neno hilo nilikuwa nalo.